Gramu Mia na Themanini

Gramu mia na themanini za wali,
si punje zaidi, si punje pungufu:
kiganja cha Chizuru kinajua
kabla mizani haijasema.
Miaka kumi na moja katika kiwanda hiki cha Kawaguchi,
kofia ya nailoni, barakoa, macho tu ndiyo yako nje,
na visanduku vya chakula vinampita juu ya mkanda
kama siku zisizo na majina.
Wali, achari ya figili, kipande cha samaki.
Nani atakula?
Mtu aliyelala.

Yeye hula saa tisa za usiku, amesimama,
mkate mtamu uliotoka kwenye mashine ya ukumbini,
wala si kwa njaa. Njaa ya saa tisa
ni usingizi uliobisha hodi ukakosa mwenyeji,
ukazunguka nyumba,
ukaingilia jikoni.

Chumba cha kubadilishia nguo:
Okubo anajikaza tumbo kwa kitambaa,
Haruyo anakunywa chai ya majani machungu, anakunja uso.
Kila mmoja ana dawa ya tumbo.
Dawa ya macho, hakuna.

Asubuhi treni zinazokwenda mjini zimejaa pomoni,
yake inarudi tupu.
Anavuta pazia. Jua halina adabu,
linapenya palepale pembeni, ukanda mwembamba
unaomkata shavu.
Saa tatu lori la mafuta ya taa linapita na muziki wake.
Saa nne mama mkwe anapiga simu: “Umelala?”
Swali linalojijibu.
Saa sita mtoto wa jirani anajifunza piano,
mkono wa kushoto peke yake.
Dakika arobaini. Saa moja na nusu. Dakika ishirini.
Anaziunga kama viraka,
na shuka haifiki miguuni.

Mwezi wa nne, vipimo vya afya.
Nesi anamzungushia futi kiunoni.
“Toa pumzi, Bi. Sugawara. Usiizuie.”
Daktari, kijana, anaitazama skrini:
kilo tisa tangu aanze zamu za usiku. Unakula nini? Unatembea?
“Nasimama usiku kucha.”
Anaandika: *atembee*.
Anampa karatasi ya kijani, nene,
yenye picha ya brokoli inayotabasamu.
Unalala saa ngapi, hakuuliza.
Fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo.

Katika lugha ninayoandikia, neno ni moja:
mizani ya dukani, mizani ya ubeti.
Mstari ukipungukiwa silabi mbili unachechemea,
na mtunzi dhaifu hujazia pengo
kwa lolote lililo karibu.
Mwili nao ni mtunzi. Ukiupunguzia giza
utajazia kwa sukari,
kwa mafuta, kwa mkate wa saa tisa,
ilimradi mstari ufike mwisho.

Dawa ya deni kulipa, usingizi nao deni,
na mwili hauna pupa, hudai chini kwa chini;
hati hata ukitupa, riba ipo kiunoni,
mchana ukiukopa, haulipi ya gizani.

Lakini Chizuru hasomi beti. Amechoka.
Siku ile alifika nyumbani, akavua viatu,
akaisoma karatasi ya kijani mpaka chini,
akaigeuza, nyuma ilikuwa nyeupe.
Akaenda dirishani.
Akaibandika kwa gundi ya utepe, pembe nne,
pale pale jua lilipozoea kuingia,
brokoli ikiwatabasamia wapita njia.
Simu akaifungia ndani ya pipa la mchele.

Saa tano na robo, bila kiraka.
Piano hakuisikia.

Alipoamka kulikuwa na ukimya tumboni
ambao hakuujua jina.
Akajipakulia wali,
akala ameketi,
na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu
kiganja chake hakikupima.