Chaguo la Kwanza

Baba kauza korosho mnada wa pili,
pesa ya fomu ipo. "Jaza famasia," anasema,
"mwenye duka la dawa halali njaa."
Kweli. Hapa Newala nimehesabu: maduka manne, foleni nne.
Wa fiziotherapia namjua mmoja,
anajitolea mwaka wa tatu, nauli anakopa.

Lakini nilikuwepo Ndanda, wiki ya tisa:
bibi Somoe na mkono uliolala tangu kiharusi,
kidole gumba kikisaka mwenzake juu ya sahani
hadi vikanyanyua korosho moja,
akanilisha. Mimi, mtu mzima.

Siku hiyo, baba, ulikuwa ghalani, kwenye mizani.

Famasia nimeiweka ya pili.
Ya kwanza bado mstari mtupu,
na bando linakata saa sita usiku.