Joho la Kukodi

Seremala wa majeneza ananiuliza
kibao cha shaba kiandikwe nini:
Lodi Gilruth wa Inverkip,
au Erchie tu, mwana wa mpiga ribiti?

Mimi dada yake nilimfulia shati
la mkutano wa kwanza. Mvua ya Greenock
ikimcharaza juu ya kreti la samaki,
aliapa kuing'oa ile Nyumba ya Malodi,
milango, mabenchi, na wazee wake wanaokoroma.
Tulimpa kura. Hata kasisi alimpa.

Miaka ishirini na sita Bungeni.
Alileta zahanati, taa za gatini,
na basi la saa kumi na moja alfajiri.
Karakana za meli zilipopigiwa kura zifungwe,
jina lake halikuwa kwenye ndiyo wala hapana.
"Tumbo, Ishbel," aliniambia kwenye simu.
Nikanyamaza.
Mpaka leo sijauliza kama lilipona.

Kisha joho jekundu, manyoya meupe mabegani,
la kukodi, kwa siku moja, na risiti juu.
Nilikaa roshani, mkoba magotini,
nikamwona akiinama kwa wepesi
wa mtu aliyefanya mazoezi usiku.

Alipolivua, ndani alikuwa na sweta
niliyomfumia mwaka ule wa mgomo,
kiwiko kimetoboka.
"Mle ndani kuna baridi," akasema,
na hakunitazama.

Seremala anangoja, penseli sikioni.
Andika Erchie.
Kila herufi inalipiwa.