Mwaka Asioutumikia

Duluth, Februari. Ziwa limeganda hadi mnara wa taa,
na sisi kumi na wawili tumefungiwa chumbani
na birika la kahawa, donati tatu,
na swali moja lililopigwa taipu:
je, Verlin Oquist alijua?

Bunduki hakuikana. Ya babu yake, ya kuwindia bata,
mitutu miwili, kitako kimezongwa waya wa shaba.
Polisi aliikuta nyuma ya kiti cha lori, ndani ya blanketi.
"Ya babu," alisema, kama mtu anayetambulisha jamaa.

Jaji alitusomea mara mbili, polepole:
hatuulizwi kama aliijua sheria.
Tunaulizwa kama alijijua.

Miaka kumi na minne nyuma alikiri hundi za kughushi.
Dakika tisa kizimbani, wakili wa kupewa,
"ndiyo, mheshimiwa" sita.
Hakulala jela hata usiku mmoja;
alifagia bustani za mji kiangazi kizima, akaenda zake.
Ila kosa lile lingeweza kumfunga zaidi ya mwaka,
na mwaka huo asioutumikia
ndio uliompa jina.

Mwendesha mashtaka aliinua karatasi ya zamani.
Sahihi nzuri, imeinamia kulia.
"Alitia sahihi, basi," asema Clarice Haugdahl,
akifuta sukari kidoleni.

Mimi hupeleka barua. Miaka ishirini na miwili,
theluji magotini, mbwa wa kila rangi.
Nimeona bahasha za benki zikiwashia majiko,
barua za hospitali zikiwekewa sufuria.
Mjane mmoja alinitilia sahihi
kifurushi cha majivu ya mumewe
huku akiuliza kama ni viatu.
Barua kufika ni kazi yangu.
Kusomwa, sijui ni kazi ya nani.

Lakini kuna yule muuza duka.
Alisema msimu uliopita Verlin alitaka bunduki mpya,
akajaza fomu: jina, mtaa, tarehe ya kuzaliwa,
akafika swali la hukumu za nyuma,
akaiweka kalamu chini taratibu.
"Nimesahau pochi garini."
Hakurudi.

Kalamu hiyo imeninyima usingizi siku mbili.

Sasa vikaratasi vinagawiwa, vimekunjwa mara moja.
Wenzangu wanaandika, neno moja au mawili.
Clarice ananitazama.
"Miwani," nasema. "Nimeisahau kwenye koti."