Mkanda Wenye Njaa

Jumatatu: megabaiti mia na arobaini kwa sekunde.
Jumanne: mia na arobaini, kama mtu aliyekula kiapo.
Jumatano: kumi na tisa.
Nikaiandika daftarini, nikaipigia mstari,
nikaenda kuisikiliza mashine yenyewe.

Hii ni Tartu, Februari, chini kabisa ya hospitali.
Nje theluji imezika baiskeli zilizosahauliwa;
huku ndani feni za seva hazijui majira.
Mkanda ulikwenda kidogo, ukasita,
ukarudi nyuma, ukapatafuta ulipoishia,
ukaenda tena. Krr. Kimya. Krr.
Kama mshonaji anayekatikiwa uzi kila mishono miwili.

Kaupo akasema, "Ni kichwa, kimechafuka."
Tukaingiza kaseti ya kusafishia.
Alhamisi: ishirini na mbili.
"Basi ni kebo." Tukabadilisha kebo.
Tukabadilisha na mkanda, mpya,
ungali na harufu ya kiwanda.
Ijumaa: mia na thelathini na nane!
Kaupo akanunua keki za mdalasini,
akampigia Reelika wa fedha: yamekwisha.
Jumamosi: kumi na moja.

Keki zilikuwa hazijaisha.

Hapo nikaacha kuishuku mashine.
Anayetapika si lazima tumbo lake ndilo lenye kosa;
uliza kwanza amelishwa nini,
na nani, na kwa kijiko gani.
Mkanda hauwezi kunyata. Nilifundishwa zamani, nikasahau.
Una mwendo wake mmoja, na ukikosa cha kuandika
husimama, hurudi, hungoja.
Tuliuita mvivu
na kumbe ulikuwa na njaa.

Nikafungua orodha ya vilivyonakiliwa.
Picha za eksirei zilipita, nene, nzito, kama magogo mtoni.
Halafu folda moja, K3:
faili laki tano na ushee,
kila moja nyepesi kuliko jina la mtu.
Seva ilikuwa ikibisha milango laki tano,
ifungue, iingie, ichukue punje, itoke, ifunge.
Haba na haba hujaza kibaba, sikatai.
Ila aliyesema hivyo hakukesha akihesabu punje.

K3 ni ghorofa ya tatu,
watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.
Kifaa cha kila kitanda huandika faili kila sekunde:
pigo, pumzi, joto.
Mtoto mmoja, siku moja,
elfu themanini na sita na mia nne.

Nikapanda ngazi na daftari langu la kasi.
Muuguzi wa zamu, Leili, akafungua lake.
Tukayaweka sambamba juu ya meza ya nepi.
Jumatatu, hakuna mtoto. Jumanne, hakuna.
Jumatano, wanne.
Alhamisi watatu, mmoja ameruhusiwa kwenda kwao Võru.
Na Ijumaa? Ijumaa mtandao wa wodi ulikatwa kwa matengenezo;
waliandika kwa kalamu, kutwa, wakipokezana.
Jumamosi, sita.
Leili akaweka kidole juu ya kumi na moja yangu,
hakusema kitu.

Jumapili nikaandika programu fupi:
zikusanye punje zote kwenye diski ya haraka,
zifunge furushi moja,
ndipo umwamshe mlaji.
Mia na arobaini.
Na kesho yake mia na arobaini, na juzi, na jana.
Reelika alituma dole gumba.

Sasa grafu imelala bapa kama mto ulioganda.
Nikipita mlangoni usiku nasikia mvumo mmoja,
hausiti, haurudi nyuma,
na siwezi tena kujua kwa sikio
wako wangapi huko juu.

Jana nilipanda ngazi bila sababu ya kikazi.
"Watano," akasema Leili, kabla sijauliza.
Nikaandika tano
chini ya mia na arobaini.