Nguo Mbili, Kofia Moja

Mimi Lali wa Langoni, mshona kofia za vito,
nahesabu matundu tangu sijaota ndevu
na sindano haijanidanganya.
Tembe ndizo zilizonidanganya. Au nilizidanganya mimi,
sijui nani alianza.

Mwezi wa Rajabu hospitali walinibadilishia dawa:
tembe moja, rangi ya samli iliyoganda.
Nikapokea, nikasema ahsante, nikatoka mbio,
maana mteja wa Pate alikuwa barazani, pesa mkononi.
Maelezo niliyaacha dirishani.

Nyumbani, kwenye kidaka cha pili kutoka mlangoni,
zilikuwako chupa mbili za zamani.
Ukizitikisa, zalia.
Nitupe? Nimezilipia!
Nikawa nameza ya zamani, na ya zamani, na mpya juu yake,
nikiona presha itakoma
kama mwizi aliyekamatwa na watu watatu.

Siku ya tano, alfajiri, adhana haijesha,
niliinuka upesi.
Ngazi zetu ni za mawe, nyembamba, mwinuko wake wa kale.
Ya kwanza nilikanyaga. Ya pili sikuiona.
Ukuta ukaenda zake.
Mwanamkuu alinikuta chini kama gunia,
jasho baridi, kofia imefika mlangoni kabla yangu.
"Usiinuke. Lala papo hapo,
nikuinulie miguu."

Sista Khuleta hakunikaripia. Ningependa anikaripie.
Alisema tu: lete kila unachomeza,
hata cha mgongo, hata ulichopewa na shemejio wa Mombasa.
Nikaleta mfuko. Akaumwaga juu ya meza,
na mlio ule ulinitia haya.

Akaishika tembe ya samli.
"Humu mna dawa mbili.
Moja yalegeza mishipa, moja yatoa maji na chumvi.
Nazo ni hizi,"
akagusa chupa yangu, kisha ya pili,
"hizi hizi. Umekuwa ukizimeza maradufu."

Nikavua kofia, nikaitazama.
Kofia ya vito ni nguo mbili,
zimeshonwa pamoja hata hazijui kuachana,
na mtu huvaa moja.
Nani aliwahi kuvaa kofia,
kisha juu yake akavaa nguo zile zile, mojamoja?
Nikacheka. Yeye hakujua nacheka nini.

Vidonge vya mgongo akaviweka kando:
vyagombana na figo, asema,
na vyaipandisha presha ile ile uishushayo.
Damu wakatoa, wakapime.
"Na madafu?" nikauliza, maana kila Ijumaa nanywa mawili.
"Tungoje majibu ya damu."
Sikupenda jibu lile. Nangoja.

"Na nikisahau siku moja?"
"Kesho yake meza ya kesho. Usifidie."
Hilo nalijua bila kufunzwa:
ukiruka tundu, hutoboi mawili palipo pa moja,
utaipasua nguo.

Mwanamkuu naye ana yake.
Chumvi ameipandisha rafu ya juu kabisa,
ng'onda wamehamia kwa jirani,
na mchuzi wanitazama kama mgeni
aliyekuja bila kubisha.

Kofia niliyokuwa nikiishona juma lile
ina tundu moja lililokwenda upande.
Mtu wa Pate ameivaa hadi msikitini, hakuona,
wala wa safu ya nyuma hawakuona.
Mimi naliona hata nikifumba macho.

Kidaka sasa kina sindano na nta, na tembe za mwezi mmoja.
Siumwi popote. Sikuumwa popote hata kabla,
ndilo lililokuwa likinitisha baadaye,
maradhi yasiyobisha hodi.

Kila asubuhi naketi kwanza ukingoni mwa kitanda,
miguu chini, mkono ukutani,
nahesabu polepole hadi ishirini.
Ishirini na moja,
kwa ngazi ile nisiyoiona.