Mawe ya Taavetti

Kipimajoto kilisema kumi na tisa.
Henriikka alikikung'uta, akakizamisha tena
chini ya daraja la mbao, akahesabu hadi sitini,
akaandika kwa penseli, maana wino hauaminiki mvuani:
kumi na tisa. Trauti, alisema, hafi kwa joto hili,
ila hukaa kama mgeni aliyekwisha kuvaa viatu.

Tulikipanda kijito cha Hoikkapuro kwa miguu,
yeye na fimbo yenye alama, mimi na kamba.
Kina: shubiri mbili. Mbele tena: shubiri mbili.
Upana ule ule, mwendo ule ule,
maji yamenyooka kama sentensi ya karani,
hayana pa kupumua.
"Nani alikipiga pasi kijito hiki?" aliuliza.
Sikujibu. Nilikuwa nayatazama mawe.

Yalikuwa kandokando, marundo chini ya kuvumwani,
utotoni nilidhani ni makaburi na nikayapita mbio.
Taavetti, baba wa mama yangu,
aliyang'oa kwa mtaimbo na baruti
viangazi vitatu, kwa ujira wa kampuni ya mbao,
ili magogo yateremke bila kugombana.
Kwa fedha ile alijenga nyumba. Nimezaliwa humo.
Ni vigumu kumlaumu mtu ukiwa umekaa jikoni kwake.

Mengine tuliyakuta bila kuyatafuta:
kalvati chini ya barabara ya msituni,
mdomo wake unaning'inia juu ya maji,
ngazi isiyo na kipago cha kwanza;
mtaro wa Oiva ukimwaga tope la kinamasi,
jeusi kama kahawa iliyosahauliwa motoni.
Changarawe iliyo hai hulia chini ya buti,
Henriikka alinifundisha. Tulikanyaga, tukasikiliza.
Kimya.
Kisha, nyuma ya mzizi wa mbetula, chemchemi:
sita. Aliandika sita, akaizungushia duara mara mbili.

Agosti alikuja Oiva na trekta lake, hakuitwa,
akasema mtaro ni wake na atauziba mwenyewe,
asiguse mtu. Akauziba vibaya. Akauziba tena.

Sisi tuliobaki tulikuwa kumi na mmoja,
na mmoja wetu ana goti la chuma.
Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo isemwavyo;
juu ya mawe hakuna aliyetuonya.
Yalitoka kwa mlipuko, kufumba na kufumbua,
yanarudi kwa migongo, kwa matusi,
kwa "ngoja, ngoja, kidole changu!"
Changarawe tuliimwaga ndoo kwa ndoo,
na jioni Saimi alitusugua mabega kwa lami ya msonobari.

Jiwe moja lilikuwa na tundu la keekee,
limetobolewa tayari kwa baruti, halikujazwa.
Nilitia kidole. Kilienea barabara.
Pengine kengele ya chakula ililia.
Pengine baruti ilikwisha, au alichoka tu.
Sitaki kumsingizia huruma.
Tuliliviringisha watu watano hadi katikati,
na maji, yaliyokuwa hayajui kushoto wala kulia
kwa miaka sabini,
yakasita, yakagawanyika,
yakafanya nyuma yake kivuli kidogo cha utulivu
kinachomtosha samaki mmoja asiye na makuu.

Oktoba barafu ilianza kung'ata kingo.
Henriikka alilala kifudifudi darajani
na kioo chake cha kutazamia chini ya maji,
tukamshika miguu kama mtoto.
Aliona doa jeupe, ukubwa wa sinia,
changarawe imefukuliwa na kuoshwa.
Huenda ni kiota. Huenda ni buti la Oiva.
Aliandika: kimoja, na alama ya kuuliza.
Joto: nne.

Tulirudi kwa njia ya juu, tukizunguka mbali.
Hakuna aliyekanyaga ili asikilize.