Kimoja Kabla ya Kulala

Taisto aliandika saa sita usiku,
theluji ikiwa imefika kwenye vioo vya madirisha,
kwamba mimi, Hilkka wa duka la dawa,
nawapenda mbwa mwitu kuliko majirani zangu,
kwamba sisi wenye shahada hatujui damu inavyonuka
ila ile ya kwenye vichupa.
Watu arobaini na watatu wakacheka,
vile vikaragosi vya manjano vinavyotokwa machozi.
Niliwahesabu. Ndiyo, mmoja mmoja.
Mmoja wao huniazima ngazi.

Nilikuwa nimeandika nini? Kidogo tu:
kwamba misitu ya Kuhmo ni mipana,
kwamba mbwa mwitu watano si jeshi,
kwamba bunduki zisubiri hesabu ya wataalamu.
Sikujua kwamba siku ile ile
Tessu, mbwa wake, alikuwa amepatikana kando ya mto,
au tuseme mkanda wa shingo yake ndio uliopatikana.

Hapana. Nilijua.
Muuza mkate aliniambia asubuhi, nikasema "pole yake,"
na jioni nikaandika habari za takwimu.
Lazima niliseme hili hapa, la sivyo
shairi hili litakuwa refu na la uongo.

Basi usiku ule nilikaa jikoni,
sahani hazijaoshwa, simu mkononi kama kaa la moto.
Na silaha nilikuwa nayo.
Duka la dawa linajua siri kuliko kanisa:
nani ana sukari, nani anapaka nini na wapi,
na nani, tangu mwezi wa kumi na moja,
hapati usingizi mpaka ameze kidonge.
Niliandika:
"Asiyelala usiku asitufundishe kuona mchana."
Sentensi ilikaa vizuri. Ilikuwa na mizani.
Hakuna ambaye angeielewa isipokuwa yeye,
na yeye angeielewa yote.

Ulimi hauna mfupa, wanasema.
Kidole gumba kina mifupa miwili,
na bado kilikuwa kinajipinda kuelekea kile kitufe.

Ningependa kusema kilichonizuia ni utu.
Birika lilipiga mluzi, nikainuka,
na niliporudi niliisoma ile sentensi
kwa sauti, katika nyumba tupu,
nikamsikia mtu ambaye nisingekubali
kununua dawa kwake.
Nikaifuta herufi moja moja,
kama mtu anayechomoa miiba kwenye soksi.

Alhamisi akaja.
Watu wawili mbele yake. Hakuikimbia foleni,
nami sikujificha nyuma ya rafu.
Kamba ya Tessu alikuwa nayo bado,
ameizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono.
"Kimoja kabla ya kulala," nikasema chinichini,
"usichanganye na pombe."
"Najua," akasema.
"Taisto, habari za Tessu nilizisikia siku ile ile.
Nilipaswa kuanza na hilo."
Akaitazama mizani ya kupimia watoto pale mlangoni
kwa muda mrefu,
kana kwamba inasomeka uzito wake.
Kisha akafunga vifungo vya koti, akatoka.

Usiku akaandika tena. Nikaona watu wanajikusanya,
kama wanaosikia vyombo vikivunjika kwa jirani.
"Hilkka," aliandika, "bado naona umekosea."
Jina langu, mbele ya wote, bila kitu kilichobandikwa juu yake.
Halafu aya tano: kondoo, uzio,
watoto wanaongoja basi la shule gizani.
Nilizisoma zote. Mbili zilikuwa na hoja.
Nikajibu: "Kuhusu basi, Taisto, sawa.
Kuhusu mengine, hapana, na sababu zangu ni hizi."

Tulibishana hadi saa nne.
Hakuna aliyecheka. Wengi waliondoka,
nadhani kwa kuchoka.
Kuhusu mbwa mwitu hatukukubaliana, wala hatutakubaliana.
Saa nne na dakika tano akaandika, "Nakwenda kulala,"
nami, niliyejua uzito wa maneno hayo,
nikaandika, "Lala salama,"
nikaenda kuosha sahani.